Printa Ikiziba Wino, Usiifanyie Nguvu

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, chembamba kuliko unywele wa kichwani mwako, ambacho kikiziba chaweza kufunga duka, kuchelewesha majaribio ya watoto shuleni, na kumfanya bwana arusi asubiri cheti chake mpaka wiki nyingine. Kitu hicho ni kitundu cha kutolea wino katika mashine ya kuchapa, ile ambayo siku hizi wote twaiita printa.

Pengine utasema, "Mimi ni mkulima wa mpunga na pamba. Printa yanihusu nini?" Tafadhali tazama vijiji vyetu. Hapa Isaka, huko Kagongwa, na njia yote mpaka Kahama mjini, vibanda vya steshenari vimeota kama uyoga baada ya mvua. Kijana amaliza kidato cha nne, wazazi wauza ng'ombe, wamnunulia kompyuta na printa ya wino ili ajipatie riziki kwa kuchapa barua, mikataba na picha za pasipoti. Mwalimu naye anayo printa nyumbani kwake. Basi, kwa wengi wetu printa ni ng'ombe aliyegeuzwa kuwa mashine, nayo ikifa, ni ng'ombe aliyekufa zizini. Kwa hiyo yafaa wote nyumbani, baba, mama na watoto, wajue namna ya kuitunza na kuiponya.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, sikusomea mashine. Haya nitakayokueleza niliyajua kwa hasara, nami naona afadhali hasara yangu ikufae na wewe.

Kiangazi kimoja printa yetu ya ofisini ilikaa karibu wiki tano bila kuchapa neno, kwa sababu karatasi zilikuwa zimetuishia. Siku ya Alhamisi, Kipaimara ikiwa Dominika inayofuata, nikaleta karatasi, nikaiwasha nichape orodha ya watoto na wasimamizi wao. Karatasi ilitoka na mistari myeupe katikati ya maneno. Jina la mtoto lilikatika vipande viwili, na la msimamizi halikuonekana kabisa.

Nilifanya nini? Nilibonyeza amri ya kusafisha kichwa. Haikusaidia, nikabonyeza tena, na tena, mpaka mara tisa, kwa hasira, kama mtu apigaye punda aliyechoka. Wino uliteremka katika matanki hata nikashangaa, na mistari myeupe ikazidi. Ndipo nikamwita kijana mmoja aliyejiita fundi. Yeye alichukua sindano ya kushonea, akaanza kuvichokonoa vitundu kimoja kimoja. Nilipochapa tena, wino mweusi ulimwagika juu ya karatasi kama uji. Kichwa kilikuwa kimetoboka, wala hapakuwa na dawa tena. Ijumaa nilipanda basi kwenda Kahama, nikachapisha orodha yote kwa fedha yangu.

Ndugu msomaji, wino uliokauka haukuiua mashine ile. Haraka yangu na sindano ile ndizo zilizoiua.

KWANZA TUIJUE MASHINE YENYEWE

Mtu hawezi kutibu asichokijua. Ndani ya printa ya wino kimo kichwa, nacho huenda na kurudi juu ya karatasi. Chini yake kina vitundu vingi sana, vimepangwa safu safu, kila rangi na safu yake: nyeusi, njano, nyekundu ya waridi na buluu. Upana wa kitundu kimoja ni kama robo au theluthi tu ya unene wa unywele wa mtu. Katika kitundu hicho wino hutoka kwa matone madogo mno, maelfu kwa maelfu, na matone hayo yakikaa pamoja jicho lako huona herufi.

Wino hurushwaje? Ziko njia mbili, na yafaa uzijue, maana matibabu yake hutofautiana.

Njia ya kwanza ni ya moto. Mwaka 1977, huko Japani, mhandisi Ichiro Endo wa kampuni ya Canon alikuwa akifanya kazi katika maabara. Chuma cha kulehemu chenye moto kiligusa kwa bahati sindano ya bomba lenye wino, na mara wino ukaruka kutoka nchani. Walipochunguza wakaona kwamba joto huchemsha wino kidogo, kiputo cha mvuke hufura, nacho husukuma tone nje. Wamarekani wa Hewlett-Packard nao waliifikia njia kama hiyo, wakatoa printa yao iitwayo ThinkJet mwaka 1984. Canon wakatoa BJ-80 mwaka 1985. Hata leo printa nyingi za HP na Canon zinafanya kazi hivyo: nyuma ya kila kitundu kuna kipasha moto kidogo.

Njia ya pili haitumii moto. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba ziko fuwele ambazo zikibanwa hutoa umeme. Kisha ikajulikana kwamba na kinyume chake ni kweli: fuwele hiyo ikipelekewa umeme, hubadili umbo lake kidogo. Kampuni ya Epson ilitumia jambo hilo. Mwaka 1993 ilitoa printa ya Stylus 800 ambayo kichwa chake husukuma wino kwa kujikunja, bila joto.

Sasa shika jambo moja kubwa. Katika printa nyingi za katriji ndogo, kichwa kimo katika katriji yenyewe, hivyo ukinunua katriji mpya umenunua na kichwa kipya. Lakini katika printa za Epson, pamoja na zile za matanki ambazo vibanda vyetu vingi huzipenda kwa sababu wino wake ni wa bei nafuu, kichwa kimefungwa ndani ya mashine. Kikiharibika, bei ya kichwa na ya fundi huweza kukufanya uwaze kununua mashine nyingine. Baadhi ya printa za matanki za Canon na HP zina vichwa vinavyoweza kuchomolewa na kubadilishwa. Basi tazama kwanza yako ni ya namna gani.

Na kama printa yako hutumia unga, ambao watu huuita tona, hiyo si ya wino, na maneno haya hayaihusu.

KWA NINI WINO HUZIBA

Wino wa printa hizi ni maji yaliyochanganywa na rangi, pamoja na dawa za kuuchelewesha usikauke. Maji yakiondoka, rangi hubaki, ikaganda kitunduni. Mama yeyote ajua jambo hili: uji ukiachwa sufuriani bila kifuniko hufanya utando juu, na kesho yake hushikamana na sufuria. Ukikwangua kwa kisu, waharibu sufuria. Ukitia maji kidogo na kungoja, hubanduka wenyewe. Ndugu, siri yote ya kuzibua printa imo katika sufuria hiyo ya uji.

Nao wino mweusi wa aina nyingi una chembechembe za rangi ambazo haziyeyuki, nazo hukaa tu ndani ya maji kama tope laini. Wino huo haufutiki upesi katika karatasi, lakini ukikauka kitunduni hushika kuliko wino wa kuyeyuka. Ndiyo maana mara nyingi rangi nyeusi huziba kwanza.

Na huku kwetu? Mvua zikishakatika mwezi wa Mei, hewa yakauka mpaka Oktoba. Isaka ni bandari kavu. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana, na vumbi huingia hata katika kabati lililofungwa. Hewa kavu hukausha wino, na vumbi huongeza uchafu juu yake.

Ipo sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira ambacho hukizuia kisikauke. Lakini ukichomoa waya ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa huweza kubaki njiani, wazi, kama chungu kisicho na mfuniko. Kwa hiyo umeme ukirudi, washa printa, iache itulie, kisha uizime kwa kitufe.

JE, KWELI IMEZIBA?

Mama mmoja jirani yetu alimkopea binti yake fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa, akanunua printa ya matanki. Binti akaenda Nzega kumwuguza bibi yake wiki sita. Aliporudi, mashine ilichapa nusu nusu. Mama akaja ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile mashine ya mdogo wako imekufa, na marejesho ya wiki mbili yameshanipita. Nimeambiwa kuna fundi wa kuichokonoa. Nikamwite?"

"Hapana mama, usimwite. Wala usiilete hapa kwa pikipiki. Printa ya matanki ikilala ubavu, wino humwagika na hewa huingia katika mirija. Nitakuja mwenyewe jioni."

Nilikwenda. Nami ningependa ufuate tuliyoyafanya, hatua kwa hatua.

Kwanza tulihakikisha ugonjwa. Si kila printa isiyochapa vizuri imeziba. Tulitazama matanki kama wino uko juu ya mstari wa chini. Tulitazama karatasi kama haijapata unyevu. Kisha tukachapa ukurasa wa kupimia vitundu. Kila printa ya wino ina amri hiyo katika kompyuta. Katika printa nyingi ndogo za matanki za Epson waweza pia kuichapa bila kompyuta: shika kitufe cha kusimamisha kazi huku ukiwasha mashine. Soma kitabu cha maelezo cha mashine yako, maana vitufe hutofautiana.

Ukurasa huo una vistari vidogo kama ngazi, kila rangi na ngazi yake. Kistari kikikosekana, kitundu chake hakitoi wino. Chapa ukurasa huo mara mbili, uzilinganishe karatasi zako. Pengo likirudi mahali pale pale, hapo pameziba. Pengo likihama, leo hapa kesho pale, yaelekea ni hewa katika mirija. Hewa haiondolewi kwa kuloweka. Hakikisha tanki lina wino wa kutosha, uiache mashine ipumzike, kisha usafishe kwa amri yake.

Kwa yule binti, ngazi nyeusi ilikosa zaidi ya nusu ya vistari, na nyekundu vitatu. Mapengo yalirudi pale pale. Kweli ilikuwa imeziba.

HATUA ZA KUIZIBUA

Hatua ya kwanza: amri ya kusafisha, kisha kupima. Mashine hii ina pampu ndogo chini ya kile kifuniko cha mpira. Ukiamuru kusafisha, pampu hufyonza wino kupitia vitundu. Safisha mara moja, upime. Ikipata nafuu, safisha tena, upime. Usipite mara tatu. Wino unaofyonzwa haurudi tankini, huenda katika sponji ya kunyonya wino mchafu. Mashine huhesabu wino huo, na hesabu ikifika mwisho taa huwaka na mashine hukataa kazi. Mimi niliyesafisha mara tisa niliujaza uchafu na kuumaliza wino kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya pili: kungoja. Hii ndiyo ngumu kwetu wanadamu. Izime printa kwa kitufe, uiache angalau saa 12 bila kuigusa. Wino mpya ulioletwa na pampu hukaa juu ya ule uliokauka, ukaulainisha polepole. Asubuhi pima, safisha mara moja, upime tena. Printa nyingi hupona hapa bila dawa nyingine. Yule binti hakuniamini. Aliniambia, "Kaka, yaani tulale tu?" Nikamwambia, "Tulale tu." Asubuhi nyekundu ilikuwa imepona yote. Nyeusi bado.

Hatua ya tatu: usafishaji wa nguvu. Printa nyingi za matanki zina amri hiyo katika kompyuta, nayo hufyonza wino mwingi sana. Usiitumie kama tanki lolote liko chini ya theluthi, maana wino ukiisha katikati, hewa itaingia mirijani, nawe utakuwa na magonjwa mawili. Ukiifanya mara moja, ngoja tena saa 12. Sisi tulikuwa na wino kidogo, na fedha ya kununua mwingine haikuwepo, basi tuliiruka.

Na kama mashine yako ingali ndani ya muda wa dhamana, ishia hapa. Funga mkono, uipeleke ulikoinunua. Yanayofuata ni ya mashine iliyokwisha muda huo.

Hatua ya nne: maji. Lakini si maji yoyote. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi za ardhini. Tazama ule ukoko mweupe ndani ya birika lako. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Yatakiwa maji yale yaliyogeuzwa mvuke na mvuke kurudishwa kuwa maji, ambayo madereva hutia katika betri. Kwa sababu ya malori, hapa Isaka hayakosekani katika maduka ya vipuri. Lakini angalia sana! Pembeni ya chupa hiyo huuzwa chupa nyingine yenye asidi ya betri, na watu huziita zote "maji ya betri". Asidi hiyo hula nguo, hula ngozi, hupofusha macho. Soma karatasi iliyobandikwa, umwulize mwenye duka mara mbili, wala usiiache chupa yoyote mahali watoto wanapofika.

Tulinunua chupa moja ndogo. Tukapasha maji kidogo yawe ya uvuguvugu, si ya moto. Kisha tukafanya hivi:

Tuliiwasha printa, na kichwa kilipoondoka pembeni na kufika katikati, tukachomoa waya wa umeme. Hapo tu ndipo ruhusa ya kuchomoa waya, kwa sababu twataka kichwa kibaki wazi. Bila umeme kichwa husogea kwa mkono, taratibu.

Tulikunja kipande cha kitambaa safi kisichotoa nyuzi, tukakilowesha kisha tukakikamua, tukakilaza penye njia ya kichwa, tukasogeza kichwa juu yake. Tulikiacha saa moja. Tulipokitoa, kilikuwa na mistari ya njano, nyekundu na buluu, lakini mweusi ulikuwa kivuli tu. Hivyo tulijua shida iko wapi hasa.

Kisha tukafuta ukingo wa kile kifuniko cha mpira kwa pamba iliyozungushwa kijitini, maana kikiwa na uchafu hakifungi vizuri na pampu haivuti. Tukadondosha maji matone machache juu ya sponji iliyomo mle mpaka ikalowana, tukakirudisha kichwa mahali pake juu ya maji hayo. Tukaiacha usiku kucha. Kumbuka: ni matone, si mafuriko. Juu ya kichwa kuna nyaya za umeme, na maji yakifika huko yataunguza mashine.

Siku ya tatu asubuhi tulirudisha umeme, tukasafisha kwa amri mara moja, tukapima. Ngazi nyeusi ilikuja karibu yote, ikakosa vistari viwili. Binti alitaka kusafisha tena papo hapo. Mama yake akamzuia: "Mwache mgonjwa apumzike." Jioni tukasafisha mara moja tena, na ngazi ikakamilika. Kazi ya kwanza iliyochapwa ilikuwa mkataba wa kukodi shamba la mpunga, kurasa mbili. Wiki ile marejesho yalianza kulipwa.

KWA WENYE KATRIJI

Kama kichwa kimo katika katriji, kazi ni rahisi zaidi. Itoe katriji. Kunja kitambaa au karatasi laini, iloweshe kwa maji yale yale, uiweke juu ya kisahani, uisimamishe katriji juu yake vitundu vikitazama chini, kwa dakika kadhaa. Kisha igandamize polepole juu ya kitambaa kikavu mpaka uone alama ya wino. Usiguse kwa kidole vile vipande vya rangi ya shaba; vikilowana, vikaushe kabisa kabla ya kuirudisha. Na kwa kuwa printa hizo hutumia moto, usizidi kuchapa wakati wino umeisha. Kipasha moto kisicho na wino ni sufuria tupu jikoni, huungua.

MAMBO YA KUKATAA

Utakapokuwa na shida, washauri watakuja wengi. Nakuomba uyakatae haya, hata kama msemaji ni rafiki yako:

Sindano, pini, mswaki na wembe. Hakuna sindano ya kushonea inayoingia katika kitundu chembamba kuliko unywele bila kukipasua.

Petroli, asetoni, dawa ya kufulia nguo nyeupe, na gongo. Naam, gongo, nimemsikia mtu akiishauri kwa moyo mweupe. Vitu hivyo huweza kula gundi na mipira iliyomo kichwani, navyo vina hatari ya moto na ya macho.

Kupuliza kwa mdomo, au kusukuma maji kwa bomba la sindano kwa nguvu. Wapo mafundi wenye mrija laini unaokaa vizuri na mkono mwepesi, nao huliweza jambo hilo. Mwenye mkono mzito hupasua ngozi nyembamba zilizomo ndani, na rangi moja huingia katika rangi nyingine.

Wino usiojulikana. Chupa yaweza kufanana na ya kampuni, lakini wino mbaya huacha mashapo. Wala usichanganye wino wa aina mbili katika tanki moja.

KINGA

Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinga ya printa haihitaji fedha nyingi, ni desturi tu.

Chapa angalau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna mteja. Chagua siku usiyoweza kuisahau. Mimi huchapa Jumamosi, pamoja na matangazo ya Dominika. Binti yule huchapa Jumatatu, naye ameandika ukutani, "Jumatatu: rangi zote." Akisafiri, mama yake huifanya kazi hiyo, maana amemfundisha vitufe viwili tu: cha kuwasha na cha kupimia.

Izime kwa kitufe siku zote. Ifunike kwa kitambaa ikishapoa. Usiiweke dirishani penye jua, wala mlangoni panapoelekea barabara. Usiache wino ushuke chini ya mstari. Na wakati wa kiangazi uikumbuke zaidi, kama umkumbukavyo ng'ombe kwa maji.

Nimeandika haya kwa sababu naona familia nyingi zikitupa mashine ambayo ilihitaji usiku mbili na matone machache ya maji. Kile kichwa cha parokia kilichochokonolewa nimekiweka juu ya kabati ofisini. Kijana akija kuniambia kwamba printa yake imekufa, humwonyesha hicho kwanza, kisha humwuliza amesafisha mara ngapi.

Nawe, ndugu msomaji, ukiwa na printa nyumbani, jiulize ilichapa mara ya mwisho lini. Kama ni zaidi ya wiki, likunje gazeti hili sasa, uiwashe, uchape ukurasa mmoja wenye rangi zote, kisha uizime kwa kitufe chake.